Maji ya Bahari na Bei ya Moto



Mtu aliyezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika huona ajabu akisikia kwamba iko miji iliyojengwa kando ya maji mengi, na huku watu wake wanateswa na kiu. Kwetu, mwenye kuona maji huona kinywaji. Ni kweli kwamba yatupasa kuyachemsha kwa ajili ya magonjwa, lakini ni maji matamu. Bahari si hivyo. Katika lita moja ya maji ya bahari mna chumvi karibu gramu 35. Na katika Ghuba, yaani ile bahari iliyo kati ya Uajemi na nchi za Waarabu, jua kali limeizidisha chumvi hiyo hata kupita gramu 40. Mtu akiyanywa, mwili wake hudai maji mengine ili kuitoa chumvi ile. Kwa hiyo kila akinywa huongeza kiu yake, na mwishowe hufa.

Leo twataka kuwaeleza jinsi watu walivyofika kuyageuza maji hayo yawe ya kunywa. Lakini hatutakaa sana katika ufundi wake. Twataka kutazama hasa neno lile ambalo mama wa nyumbani huliuliza kwanza sokoni: Bei gani? Na baada ya hilo: Nani atalipa? Maana tutaona kwamba elimu ya kazi hii ni ya kale sana, na kwamba kilichowazuia watu kwa miaka zaidi ya elfu mbili si ujinga, ni bei.

1. Wazee wa kale walijua

Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alikwisha kuandika kwamba maji ya chumvi yakigeuka mvuke huwa matamu, na mvuke ule ukigeuka maji tena haurudii chumvi yake. Naye Mtakatifu Basili Mkubwa, Askofu wa Kaisaria katika karne ya 4 baada ya Kristo, alipohubiri juu ya siku sita za kuumbwa ulimwengu, aliwasimulia Wakristo wake habari ya mabaharia. Walipobanwa na kiu, walichemsha maji ya bahari, wakaushika mvuke kwa sifongo, kisha wakaikamua sifongo wakanywa.

Kanuni yenyewe haina siri. Wale wanaopika kanyanga mafichoni wanaijua vema: chungu juu ya moto, mvuke unapita katika mrija, mrija unapozwa, matone yanaanguka katika chupa. Sisi hatuwasifu kwa kazi yao, lakini kama wangeweka maji ya bahari ndani ya chungu, wangepata maji matamu, na chumvi ingebaki chini.

Kwa nini basi miji ya pwani haikufanya hivyo? Tufanye hesabu. Mama anajua kwamba sufuria ya maji huchemka upesi kidogo, lakini kuikausha kabisa ni kazi ya muda mrefu. Wenye elimu wamepima jambo hilo. Joto linalotakiwa ili lita moja inayochemka igeuke mvuke wote, ni karibu mara saba ya lile la kuichemsha tangu ilipokuwa baridi. Na moto wa mafiga matatu hupoteza sehemu kubwa ya joto lake hewani. Ukijumlisha hayo yote, lita moja ya maji matamu hula karibu kilo moja ya kuni.

Chukueni nyumba yenye watu 8, kila mtu lita 3 kwa siku za kunywa na kupikia. Ni lita 24. Watachoma zaidi ya kilo 20 za kuni kila siku, na bado hawajaoga, hawajafua, hawajamnywesha mbuzi. Na mji wa jangwani usio na maji, kuni utazitoa wapi? Hiyo ndiyo sababu mabaharia walifanya kazi ile katika shida kubwa tu.

Tushike neno hili moja, maana ndilo litakalotuongoza mpaka mwisho: bahari haina bei; kinachouzwa ni moto.

2. Meli za mvuke, na vioo vya Chile

Katika karne ya 19 zilikuja meli za mvuke. Chungu cha mashini ya meli hakipendi chumvi, maana chumvi na chokaa hushika chumani kama ukoko na kukiharibu. Kwa hiyo meli zilihitaji maji matamu si kwa mabaharia tu, bali kwa mashini pia. Mafundi wakatengeneza mitambo ya kupata maji hayo baharini, wakitumia joto la mashini ile ile. Kampuni moja iliyojulikana kwa kazi hiyo ilikuwa ya ndugu wawili wa jina la Weir, katika mji wa Glasgow, nchi ya Scotland. Likumbukeni jina hilo, tutalikuta tena.

Wakati ule ule watu wengine walijaribu moto usionunuliwa, ndio jua. Mwaka wa 1872, huko Las Salinas, katika jangwa la Chile, Amerika ya Kusini, Charles Wilson alijenga mabirika mapana yaliyofunikwa kwa vioo. Mahali pale palikuwa na kazi ya kuchimba chumvi ya mbolea, na punda waliovuta mizigo walikuwa na kiu, maana maji ya visima yalikuwa na chumvi kupita hata bahari. Jua lilipiga vioo, maji yakatoa jasho, jasho likateremka juu ya kioo kama umande. Walipata zaidi ya lita 20,000 kwa siku.

Mtu atasema: tazama, moto wa bure! Lakini vioo vile vilitanda karibu mita za mraba 4,500. Vioo vilinunuliwa, vikavunjika, vikanunuliwa tena. Palitakiwa na watu wa kuviosha vumbi. Jua lilikuwa la bure, bali kulikamata jua hakukuwa bure. Mwishowe mabirika yale yakaachwa.

3. Mji wa mabaharia

Sasa twende Kuwait, kwenye pembe ya kaskazini ya Ghuba. Huko ndiko habari hii ilikobadilika, na ndugu zetu Waswahili wa pwani waliujua mji huo zamani. Kila mwaka majahazi makubwa ya Kuwait yalisukumwa na upepo wa kaskazi mpaka Lamu na Unguja, yakileta tende, kisha yakarudi na kusi, yamejaa boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji. Boriti hizo ziliezekea nyumba za Kuwait, na upana wa vyumba vya mji ule ulifuata urefu wa boriti za Kiafrika. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri katika jahazi mojawapo mwaka wa 1938 na wa 1939, pamoja na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akafika hata Rufiji, akaiandika safari ile katika kitabu.

Mji huo wa mabaharia haukuwa na mto wala kijito. Mvua yake ni haba. Visima vilikuwako, lakini vingi vilikuwa na maji ya munyu, na mji ulipokua havikutosha. Basi watu wa Kuwait walifanya lile walilolijua: walitweka tanga. Majahazi yalikwenda kama kilometa mia moja mpaka Shatt al-Arab, mahali mito ya Tigri na Frati, tunayoisoma katika kitabu cha Mwanzo, inapoungana na kushuka baharini. Huko walijaza maji katika matangi ya mbao, wakarudi. Pwani maji yalitiwa katika viriba vya ngozi, yakapakiwa juu ya punda, yakauzwa mlango kwa mlango. Mwaka wa 1939 wafanyabiashara waliunda kampuni ya maji, wakajenga matangi pwani ili kupunguza taabu.

Hapa tena tufanye hesabu ya mama wa sokoni. Maji ya mto ule yalikuwa ya bure. Lakini mnunuzi alilipa jahazi, akalipa mabaharia, akalipa ngozi ya kiriba, akalipa punda na mwenye punda. Upepo ukikataa, maji yalichelewa na bei ikapanda. Kilichouzwa hakikuwa maji, ni safari. Na kama ilivyo desturi ya dunia, mtu aliyenunua kidogo kidogo mlangoni, kiriba kwa kiriba, ndiye aliyelipa bei kubwa kwa kila lita.

Miaka ile Kuwait ilikuwa maskini. Kazi yake kubwa, kupiga mbizi kutafuta lulu, ilikuwa imeanguka, kwa kuwa Wajapani walikuwa wamejifunza kuzilea lulu katika chaza na kuziuza rahisi. Hakuna aliyefikiri kwamba mji wa namna ile ungeweza siku moja kunywa bahari.

4. Moto wa bure

Mwaka wa 1938 mafuta yalipatikana Burgan, kusini ya mji. Vita vikachelewesha kazi, na mwaka wa 1946 meli ya kwanza ya mafuta iliondoka. Fedha zikaanza kuja, na watu wakaja nyuma ya fedha: mafundi, makarani, waalimu, wapagazi, kutoka nchi nyingi. Watu walipohesabiwa mwaka wa 1957, walikutwa 206,473. Mwaka wa 1965 walikuwa 467,339. Majahazi ya maji hayakuweza kuwanywesha watu wengi hivyo.

Lakini mafuta hayakuja peke yake. Yanapotoka ardhini hutoka pamoja na gesi. Wakati ule gesi hiyo haikuwa na mnunuzi. Haikuwezekana kuipakia melini kama mafuta. Ilichomwa tu jangwani, na miali yake ilionekana mbali usiku. Tazameni basi: upande mmoja bahari isiyo na bei, upande wa pili moto usio na bei. Lile jambo lililowashinda Wayunani na mabaharia wa Mtakatifu Basili, yaani kuni, hapa lilikuwa linateketea bure.

Mtawala Abdullah al-Salim al-Sabah, aliyetawala tangu 1950 mpaka 1965, alitumia fedha ya mafuta kujenga shule, hospitali na maji. Mwaka wa 1953 kiwanda cha serikali kilianza kazi huko Shuwaikh, kando ya mji. Nguvu yake ilikuwa galoni milioni moja kwa siku, yaani lita milioni nne na nusu. Kama tungaligawanya maji ya kiwanda kile peke yake kwa watu waliohesabiwa mwaka wa 1957, kila mmoja angalipata lita 22 hivi, ni kama bidoni moja. Huo ulikuwa mwanzo tu. Mitambo mingine iliongezwa upesi.

Maji yatokayo katika mvuke hayana ladha, kwa sababu yamekosa kila kitu. Kwa hiyo yalichanganywa na maji kidogo ya visima vya munyu, ili kinywa kiyapokee. Kisha malori ya tangi yalijaza kwenye vituo na kuyapeleka mitaani, kabla mabomba hayajaenea. Punda na kiriba wakapumzika.

5. Fundi wa Glasgow

Hata moto wa bure una gharama zake, maana mashini si ya bure. Mitambo ya kwanza ilikuwa na mabomba ya mvuke yaliyozama ndani ya maji ya bahari. Maji yalichemka juu ya mabomba, na chokaa ikashika chumani kama ile ionekanayo ndani ya birika la zamani la chai. Ilibidi kusimamisha kazi na kuisugua. Mashini inayosimama haitoi maji, lakini deni lake halisimami.

Hapa jina la Weir linarudi. Robert Silver, mwenye elimu wa Scotland aliyefanya kazi katika kampuni ile ya Glasgow, alitafuta njia nyingine, akaandikishiwa uvumbuzi wake mwaka wa 1957. Mwaka ule ule Kuwait ilianza kutumia mitambo ya vyumba vinne iliyotengenezwa Marekani. Silver alionyesha kwamba vyumba vikiwa vingi zaidi, faida huwa kubwa zaidi, na mwaka wa 1960 mitambo ya namna hiyo ilikuwa kazini Kuwait.

Njia yenyewe ni hii. Maji ya bahari hutiwa joto kali bila kuachwa yachemke. Kisha huingizwa katika chumba ambamo hewa imepunguzwa. Katika hewa haba maji huchemka kwa joto dogo. Wenzetu wa milima mirefu wanalijua hilo, maana maharagwe yao hukawia kuiva. Basi sehemu ya maji hugeuka mvuke ghafula. Yaliyobaki huingia chumba cha pili chenye hewa haba zaidi, yakachemka tena. Kisha cha tatu, na cha nne, na kuendelea. Na juu ya kila chumba yamepita mabomba yenye maji baridi ya bahari yanayokuja. Mvuke hugusa mabomba hayo, ukawa matone matamu, na joto lake haliendi bure: linayapasha moto maji yanayokuja. Hivyo joto moja hufanya kazi mara nyingi. Kwa moto ambao chungu cha kawaida kingetoa lita 1, mashini bora za namna hii hutoa lita 8 au zaidi.

Mafundi waliongeza akili nyingine. Mvuke mkali ulizungusha kwanza mashini za umeme, na ulipolegea ndipo ukapelekwa kupasha moto maji ya bahari. Moto mmoja, kazi mbili: taa na maji. Nchi nyingine za Ghuba ziliiga. Mwaka wa 1968 UNESCO ilimpa Silver tuzo yake ya sayansi kwa kazi hiyo.

6. Jirani mwenye mto

Pengine msomaji ameuliza: mbona hawakuleta bomba kutoka Shatt al-Arab? Hakika lilifikiriwa. Katika miaka ya 1950 mpango wa bomba hilo ulizungumzwa na serikali ya Irak. Kuyasukuma maji ya mto katika tambarare kunahitaji nguvu kidogo kuliko kuichemsha bahari. Lakini mpango haukutimia.

Hesabu ya fedha peke yake haitoshi kulieleza jambo hilo. Mwenye kushika mdomo wa bomba hushika pia koo la mji. Kuwait ilipata uhuru tarehe 19 Juni 1961. Siku sita baadaye mtawala wa Irak, Abdul Karim Qasim, alitangaza kwamba nchi ile ni sehemu ya Irak. Na mwaka wa 1990, tarehe 2 Agosti, majeshi ya Irak yaliingia Kuwait. Kama mji ungalikuwa unakunywa kwa bomba la Irak tangu zamani, neno moja tu lingalitosha kuukausha. Kwa hiyo katika bei ya maji mna kitu kisichopimwa kwa lita: imani kati ya majirani. Pasipo imani, kila mtu huchimba kisima chake kwa gharama kubwa.

Lakini kiwanda nacho hakikuwa ngome. Katika vita vile viwanda vya Kuwait viliharibiwa vibaya. Mwezi wa Januari 1991 mafuta mengi sana yalimwagwa baharini, yakaelea kusini, na huko Jubail, nchi ya Saudia, ilibidi kuweka vizuizi juu ya maji ili mafuta yasiingie katika kiwanda kikubwa cha maji. Waliokimbia hatari ya mto walikutana na hatari ya bahari.

7. Moto wa bure ulipopata bei

Sasa tumefika kwenye fundisho gumu zaidi. Mwaka wa 1973 na 1974 bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne. Gesi nayo ilipata kazi: kufanya mbolea, kuendesha viwanda, kugandishwa kwa baridi kali na kuuzwa ng'ambo. Kile kilichochomwa bure zamani kikawa mali.

Mtu mwenye ng'ombe anaweza kusema: maziwa ya watoto wangu hayana bei, maana ng'ombe ni wangu. Lakini kama jirani anayataka kwa fedha, kila kikombe kinachonywewa nyumbani ni fedha isiyoingia mfukoni. Si vibaya kuwapa watoto maziwa. Ni vizuri sana. Lakini baba asijidanganye kwamba hayana gharama. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Kuwait: mafuta yanayochomwa kwa ajili ya maji ni mafuta yasiyouzwa. Na watu walipozidi kuongezeka, gesi ya nchi haikutosha tena. Tangu mwaka wa 2009 Kuwait, nchi ya mafuta, hununua gesi kutoka ng'ambo.

Huku nyuma wananchi walizoea kulipa sehemu ndogo tu ya gharama ya maji. Iliyobaki ililipwa na serikali. Matokeo yake yalifuata desturi ya wanadamu. Kitu kinachoonekana rahisi hutumiwa bila kuhesabiwa. Katika nchi isiyo na mto hata mmoja, mtu hutumia zaidi ya lita 400 kwa siku, na hapo hesabu ni ya nyumba, bustani na magari yanayooshwa. Wajukuu wa watu walionunua kiriba mlangoni wamekuwa miongoni mwa watumiaji wakubwa wa maji ulimwenguni. Bei iliyofichwa haijafutwa, imeahirishwa tu.

8. Kichujio badala ya chungu

Wakati Kuwait ilipokuwa ikiongeza vyumba vya mvuke, watu wawili katika Chuo Kikuu cha California, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, walitafuta namna ya kutengeneza maji matamu bila kuchemsha kabisa. Mnajua jinsi makayabo inavyotengenezwa: chumvi huvuta maji ndani ya samaki mpaka akakauka. Ndivyo ilivyo siku zote. Maji matamu yakitengwa na maji ya chumvi kwa ngozi nyembamba, yatavuka kuifuata chumvi. Lakini ukiyakandamiza maji ya chumvi kwa nguvu kubwa, mwendo hugeuka: maji hupenya ngozi, chumvi huachwa nyuma. Karibu na mwaka wa 1960 watu hao wawili walipata ngozi ya kiwandani iliyopitisha maji ya kutosha, na mwaka wa 1965 mji mdogo wa Coalinga, California, ulianza kuitumia kusafisha maji yake ya munyu.

Kwa maji ya bahari nguvu inayotakiwa ni kama uzito wa maji katika shimo lenye kina cha mita 600. Inahitaji pampu kali na chuma kizuri. Mwanzoni ilikuwa ghali. Kidogo kidogo ngozi ziliboreshwa, na mafundi wakajifunza kuirudisha nguvu ya yale maji ya chumvi yanayotupwa, ili isaidie kuyasukuma mengine. Leo mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, huhitaji umeme wa kilowati-saa 3 hata 4. Huko Ashkelon, Israeli, kiwanda kilichoanza mwaka wa 2005 kiliuza mita ya ujazo kwa senti 53 za dola hivi. Mwaka wa 2020 mkataba wa kiwanda kipya cha Sorek ulitaja senti 41. Kuwait nayo iliongeza viwanda vya kichujio katika miaka ya 2010.

Sasa, msomaji, shika kalamu. Katika mita moja ya ujazo mna bidoni 50 za lita 20. Senti 41 kugawanya kwa 50 haifiki senti moja kwa bidoni. Linganisha na bei unayolipa wewe mtaani kwako, siku robine zikikauka na mwenye mkokoteni akipita.

Lakini tusifanye haraka kusema kwamba tumeonewa na hesabu. Bei ile ni ya mlangoni pa kiwanda, kabla ya mabomba na wakusanyaji wa fedha. Ni bei ya kiwanda kikubwa mno, kilichojengwa kwa mkopo wa riba ndogo, maana wakopeshaji waliiamini nchi ile kwamba italipa. Nchi maskini ikikopa kwa riba kubwa, mashini ile ile, bahari ile ile, hutoa maji ya bei kubwa zaidi. Na baada ya maji kutoka, ni lazima yapande. Kuiinua mita moja ya ujazo tangu bahari mpaka kimo cha mji wa Goma, karibu mita 1,460, kungehitaji kilowati-saa 4 hata kama hakuna kinachopotea, kama vile kuiondoa chumvi mara ya pili. Maji ya bahari yaliyosafishwa ni chakula cha watu wa pwani. Sisi wa bara tusiyangoje.

Iko pia gharama isiyoandikwa katika daftari. Kiwanda huirudisha baharini chumvi yote iliyokusanywa, pamoja na dawa za kusafishia. Palipo na mkondo mkali huchanganyika upesi. Katika Ghuba, bahari isiyo na kina na iliyofungwa, inadai uangalifu, maana samaki nao wana kwao. Na moshi wa moto ule huenda angani kwa wote.

9. Nani analipa moto?

Tumesafiri kutoka sifongo ya mabaharia mpaka kichujio cha leo, na neno letu limebaki lile lile. Maji yenyewe Mungu ametoa bure. Kinacholipwa ni nguvu ya kuyafanya yanyweke na kuyafikisha kinywani: kuni, tanga, gesi, umeme, au jua na vioo vyake. Kuwait ilipolipa kwa safari, maskini alilipa zaidi kwa kila kiriba. Ilipolipa kwa gesi ya bure, kila mtu alipata maji, na hiyo ilikuwa kazi njema na kubwa. Lakini mtu asipoona bei, anasahau kwamba mwingine analipa, na yule mwingine aweza kuwa mtoto wake mwenyewe.

Kwetu Kongo hatuna haja ya kuchemsha bahari. Mto wetu humwaga maji matamu baharini mchana na usiku, nasi tuna maziwa na chemchemi. Hata hivyo moto tunalipa. Katika vijiji vingi moto huo ni mgongo wa mtoto wa kike. Anaamka kabla ya jua, anashuka bondeni, anapanda na kilo 20 kichwani au mgongoni, na akifika shuleni somo la kwanza limekwisha. Kwa kuwa hapokei mshahara, husema watu: maji yetu ni ya bure. Ni neno lile lile la Kuwait juu ya gesi yao.

Basi tuwaombe wazee wa mtaa, na kamati za maji, na kila baba wa nyumba, wafanye hesabu hiyo kwa uaminifu. Wahesabu saa zinazopotea njiani kwa juma moja katika nyumba zote za kijiji. Kisha wahesabu saruji, mchanga na siku za kazi za kuijengea chemchemi na kuleta bomba karibu na nyumba. Wakilinganisha hesabu mbili hizo, pengine watakuta kwamba maji waliyoyaita ya bure ndiyo ghali kuliko yote, na kwamba aliyekuwa akiyalipa hakuulizwa kamwe.